Mazingira ya Kawaida

Mjomba wangu wa Isongole ana desturi ya kusikiliza habari mpaka mwisho, ndipo aulize swali moja. Usiku ule tulikuwa jikoni, moto ukiwaka katikati, maana mwezi Juni baridi ya huko juu haina mzaha. Ukungu huanza kushuka kutoka upande wa Ngozi tangu alasiri, na giza linapoingia unasikia tu malori yakipanda kutoka Kiwira kuelekea Uyole, taa zake huzioni. Kwa muda wa nusu saa nilikuwa nimemweleza jinsi kumbukumbu za mizani za kikundi cha wakulima wa viazi zilivyofutika. Nilimweleza habari za hifadhidata, za programu inayopima programu nyingine, na za wakala wa akili mnemba. Aliporidhika kwamba nimemaliza, alisogeza ukuni mmoja ndani ya moto, akauliza: "Huyo wakala, mpwa wangu, nani alimwandikia maagizo?"

Nilinyamaza, kwa sababu aliyemwandikia ni mimi.

(Ilinibidi kwanza nimfafanulie kwamba wakala ninayemzungumzia hakai kwenye kibanda chenye mwavuli wala hamtolei mtu fedha kwenye simu. Alikubali, lakini alitoa angalizo ambalo sijalisahau: wakala wa kibandani akikosea namba, unajua pa kumkuta.)

Nieleze kisa tangu mwanzo. Wengi wanaonisoma ni watumishi wa umma na wanafunzi, nami nina sababu ya kutaka wakisome kana kwamba kimewatokea wao.

Isongole iko kando ya barabara kuu itokayo Mbeya kwenda Tukuyu, na kwa mgeni anayepita ndani ya basi jina lake ni viazi. Magunia yamepangwa kando ya lami, na juu ya kila gunia kuna kilima kilichoshonewa kamba. Kilima hicho ndicho lumbesa. Gunia limeshajaa mpaka mdomoni, kisha mnunuzi anataka liongezwe kichwa, na bei inabaki ile ile ya gunia moja. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inajulikana. Kikomo cha kilo mia moja kwa gunia kinajulikana pia, na Wakala wa Vipimo wamekwisha kukihubiri mara nyingi. Hata hivyo lori likishasimama na viazi vikiwa vimeshang'olewa, mkulima ndiye mwenye haraka, na mwenye haraka hapangi vipimo.

Kikundi ninachokizungumzia, cha kaya thelathini na kitu, kiliamua kuuza kwa kilo. Walichanga, wakanunua mizani, wakakubaliana kwamba gunia lisilopita kwenye mizani hiyo halipandi lori. Mimi na wanafunzi wangu wawili tukajitolea kuwaandikia programu ndogo ya kutunza hesabu: namba ya mkulima, kilo, lori, bei, malipo yaliyotoka na yaliyobaki. Hapakuwa na ufadhili wala uzinduzi wenye kitambaa cha kukatwa. Ilikuwa programu ya kawaida, na nikiri kwamba nilijivuna nayo kuliko makala kadhaa nilizochapisha kwa ajili ya kupandishwa cheo.

Pamoja na programu hiyo niliandika zana ya kuipima. Kwa asiye wa fani, nieleze hivi: mkaguzi wa mizani anapokuja haulizi mizani inasemaje kuhusu viazi. Anakuja na mawe yake ya chuma yenye uzito unaojulikana, anaweka la kilo ishirini, anatazama kama mshale utasema ishirini. Kupima programu ni hivyo hivyo. Unaipa mauzo ya uongo ambayo majibu yake umekwisha kuyakokotoa mwenyewe, kisha unaona kama itatoa majibu hayo. Kent Beck na Erich Gamma walipoandika JUnit mwaka 1997 walisaidia kuifanya kazi hii kuwa desturi ya kila siku ya mwandishi wa programu, si adhabu ya mwisho kabla ya kukabidhi. Zana yangu ilifanya mambo manne: ilifuta kumbukumbu zote ili ianze na ubao mweupe, iliingiza wakulima kumi na wawili wa kubuni, iliwauzia viazi vyao kwa malori matatu, kisha ililinganisha hesabu. Ilifanya hivyo kwa sekunde nane.

Maelezo ya matumizi ya zana hiyo yalikuwa mistari tisa. Niliyaandika kwa Kiingereza cha kikazi, usiku, nikiwa na usingizi. Mstari wa nne, nikiutafsiri, ulisema: "Endesha katika mazingira ya kawaida, kisha hakikisha kila kitu kiko sawa." Popote katika mistari ile tisa hapakuandikwa kwamba jambo la kwanza zana inalofanya ni kufuta.

Kwangu, "mazingira ya kawaida" yalikuwa kompyuta yangu ya mkononi, yenye nakala ya kuchezea. Sikuona haja ya kusema hivyo, kwa sababu mtu haandiki anachokijua, anaandika anachodhani mwenzake hakijui, na mwenzangu wakati huo nilikuwa mimi mwenyewe.

Mmoja wa wale wanafunzi sasa ni mtumishi katika halmashauri mojawapo, mbali na Rungwe. Usiku, baada ya kazi za mwajiri, aliendelea kuihudumia programu ya kikundi bila malipo. Wakulima walipoomba sehemu ya malipo ya awali iongezwe, aliikabidhi kazi hiyo kwa wakala wa akili mnemba, mmoja wa hawa wanaosoma mafaili ya programu, wanaandika msimbo na kuendesha amri wenyewe kwenye kompyuta. Alimwagiza aongeze sehemu ya malipo ya awali, kisha apime. Wakala alifanya kitu ambacho wanafunzi wangu wengi hawakifanyi: alisoma mwongozo kwanza, mistari yote tisa. Akatazama mazingira aliyomo, akaona yameunganishwa na hifadhidata ya kikundi, akaona ndiyo pekee yaliyopo na kwa hiyo ndiyo ya kawaida. Akaendesha. Kisha akatoa taarifa kwa adabu: majaribio yote 46 yamefaulu.

Na yalikuwa yamefaulu kweli. Wakulima wa kubuni kumi na wawili walikuwa wamelipwa hadi senti ya mwisho. Wakulima wa Isongole hawakuwamo tena.

Nakala yetu ya akiba ilikuwa ya wiki tatu nyuma. Hilo ni kosa jingine, nalo ni langu vilevile. Kilichotuokoa ni ukaidi wa katibu wa kikundi, mama mmoja ambaye nilikuwa nimemsihi aachane na kaunta buku kwa sababu sasa kuna mfumo. Alinijibu "sawa, mwalimu", akaendelea kuandika. Kwa siku tatu tulikaa naye, yeye akisoma mstari kwa mstari kwa kidole, mimi nikiingiza. Karibu kila kitu kilirudi, isipokuwa siku moja. Siku ile yeye alikuwa msibani, na kijana aliyemshikia zamu alipima na kuingiza kwenye simu tu, kwani ndivyo nilivyomfundisha.

Wapakiaji walikuwa na hesabu yao: magunia 118 yalipanda lori. Kitabu kilikuwa na 111. Magunia saba yalikuwa yamekwenda Dar es Salaam bila mwenyewe. Bibi mmoja, ambaye mjukuu wake ndiye aliyeleta mzigo, alisema matano ni yake. Kijana mwingine alisema manne ni yake. Ukijumlisha unapata tisa, na sidhani hata mmoja kati yao alisema uongo kwa kukusudia. Mmoja alimtegemea mjukuu, mwingine alikuwa amechoka. Kikao kilianza saa nane mchana, kikaisha watu wakiwashiana tochi za simu. Bibi alikubali manne, kijana matatu. Niliomba nilipe tofauti kutoka mfukoni mwangu, mwenyekiti akanikatalia mbele ya watu. Alisema kikundi hakiwezi kuendeshwa kwa huruma ya mwalimu, kwa sababu mwalimu ana siku anakuwa hayupo.

Mwanafunzi wangu alilaumu mashine. Alikuwa na mifano ya kumsaidia. Mwezi Julai 2025 mjasiriamali wa Marekani, Jason Lemkin, alieleza hadharani jinsi wakala wa Replit alivyofuta hifadhidata yake hai katika kipindi ambacho alikuwa ameagizwa asibadilishe chochote, na mkuu wa kampuni hiyo aliomba radhi. Kule agizo lilikuwapo na halikufuatwa. Kwetu hali ni mbaya zaidi kwa upande wangu, maana agizo lilifuatwa.

Tangu hapo nimekuwa nikiwaza juu ya neno "kawaida". Nimefanya kazi na ofisi za umma kwa miaka ya kutosha kulifahamu vizuri. Waraka unakuja: utekelezaji ufanyike kwa utaratibu wa kawaida, taarifa iwasilishwe kwa mamlaka husika, mapema iwezekanavyo. Mtendaji wa kata aliyeripoti juzi kutoka mkoa mwingine anausoma mara mbili. Hajui utaratibu wa kawaida ni upi, mamlaka husika ni nani, na "mapema" ni leo au mwisho wa robo ya mwaka. Lakini hafanyi balaa, kwa sababu saa nne kuna chai. Kwenye chai yuko karani mwenye miaka kumi na tisa katika ofisi ile, ambaye atamwambia: hiyo wanayosema mamlaka husika ni yule bwana wa chumba namba sita, usimpelekee Ijumaa, na ile fomu ya kijani usiijaze kabisa, ilishakufa. Serikali yetu, kwa sehemu kubwa kuliko tunavyopenda kukiri, inaendeshwa na chai hiyo. Nyaraka ni ganda, maarifa yenyewe yako vichwani mwa watu, na baadhi ya watu hao wanajua fika kwamba siku yatakapoandikwa vizuri wao watakuwa watu wa kawaida.

Wakala wa akili mnemba hana chai, na hana karani. Kila kitu ambacho jirani angemnong'oneza ni lazima kiwe kimeandikwa pale anaposoma, la sivyo atajaza pengo kwa kile kinachoelekea kuwa kweli. Tofauti yake na mtendaji mgeni ni kwamba mtendaji anaona haya. Mashaka yanamkaba koo, anasubiri hadi kesho. Wakala hujaza pengo ndani ya sekunde nane, kisha anatoa taarifa kwa sentensi zilizonyooka.

Nilirudi kwenye rafu, nikatazama jinsi wazee wa fani walivyofanya. Mwongozo wa kwanza wa mfumo wa Unix, ulioandikwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie, una tarehe ya 3 Novemba 1971. Kila amri ilikuwa na ukurasa wake, na kila ukurasa ulikuwa na vichwa vile vile: jina, namna ya kuiita, inafanya nini, inagusa mafaili gani. Kulikuwa na vichwa viwili ambavyo ningetamani kuviona katika nyaraka zetu za serikali. Kimoja kilikuwa cha kasoro zinazojulikana, yaani mwandishi anakiri mwenyewe, juu ya karatasi rasmi, pale ambapo kazi yake inachechemea. Cha pili kilitaja mwenye amri hiyo, mtu wa kuulizwa. Fikiria waraka wa wizara wenye aya ya mwisho isemayo: kasoro za waraka huu ni hizi, na aliyeuandika ni fulani, muulizeni. Nasi hata barua ya kusimamisha mafunzo ya siku moja huandikwa kwa namna ambayo hakuna aliyeamua: imeelekezwa, imeonekana, inasisitizwa.

Leo wanaotengeneza zana hizi wanahangaika na tatizo hilo hilo kwa majina mapya. Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ilitangaza itifaki iitwayo Model Context Protocol, ambamo kila zana hujieleza kwa wakala: jina langu ni hili, nafanya hiki, nahitaji taarifa hizi. Mwaka 2025 ilienea desturi ya kuweka kwenye kila mradi faili la maandishi ya kawaida, AGENTS.md, lenye maelezo ambayo wakala atayasoma kabla ya kugusa kitu. Haya yote ni mazuri, ila hakuna itifaki itakayokuandikia sentensi. Sanduku la posta si barua.

Basi nikaandika upya. Nilifanya jambo ambalo sikuwa nimekusudia: niliandika kwanza kwa Kiswahili. Sikufanya hivyo kwa uzalendo, ingawa nawaheshimu wale wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ambao katika mradi wa Kilinux, mwaka 2004, walitoa Jambo OpenOffice na kuthibitisha kwamba programu nzima ya ofisi inaweza kusema lugha yetu. Nilifanya hivyo kwa sababu nilitaka katibu wa kikundi aisome. Yeye hajui msimbo, lakini ndiye aliyenusuru hesabu, na nilifikiri kwamba mwongozo ambao yeye hawezi kuutilia shaka haujapimwa.

Alisoma polepole, miwani ikiwa puani. Kwenye mstari wa pili alisimama. "Hapa umeandika zana inafuta kumbukumbu. Kufuta ni kama ubao, au kama deni?"

Nikamwomba radhi, sijamwelewa.

"Ubao ukifutwa, maandishi yameondoka. Deni likifutwa, limesamehewa tu, kwenye kitabu bado linaonekana. Hii yako ni ipi?"

Nilikuwa nimeandika programu kwa miaka ishirini na kitu, na sijawahi kuulizwa swali zuri kuliko hilo. Niliongeza: "zikifutwa hazirudi." Akaendelea. Aliuliza zana itajuaje kama iliyo mbele yake ni nakala ya kuchezea. Nikasema mwendeshaji ndiye atakayehakikisha. Akasema, "Mwendeshaji si ndiye yule yule aliyekosea?" Nikarudi kwenye msimbo wenyewe: sasa zana inakataa kuanza hadi ikute, ndani ya hifadhidata, alama inayosema hii ni ya majaribio. Maelezo peke yake hayatoshi pale ambapo kufuli lingewezekana. Hili nalisema kwa sababu nimewasikia wenzangu wakidhani kwamba ukishaandika "ni marufuku" umekwisha kulinda.

Mwanzo wa mwongozo mpya unasomeka hivi: "Zana hii inapoanza, inafuta kumbukumbu zote katika hifadhidata iliyounganishwa nayo, na hazirudi. Inaendeshwa kwenye nakala ya majaribio tu. Kama hujui hifadhidata iliyo mbele yako ni ipi, simama, uliza mtu. Hakuna haraka inayohalalisha kubahatisha." Kisha inafuata amri yenyewe, nzima, kama inavyopaswa kuandikwa, pamoja na matokeo yanayotarajiwa na muda inaochukua. Chini yake nimeeleza namba ambayo zana huiacha inapomaliza: sifuri, yote yamefaulu, moja, kuna jaribio lililoshindwa, mbili, zana haikuanza kabisa, kwa hiyo usiseme umepima. Zamani zana yangu ilikuwa ikiacha sifuri hata isipokuta jaribio la kuendesha. Mashine iliyokuwa ikiniamini ingeweza kutangaza ushindi juu ya kazi isiyofanyika. (Wale wa idara za tathmini na ufuatiliaji wanaweza kuruka sentensi hiyo.)

Nilidhani nimemaliza. Wiki mbili baadaye, akifanya kazi kwenye nakala ya majaribio kama ipasavyo, wakala alikumbana na jaribio lililoshindwa. Jibu lililotarajiwa lilikuwa kilo 412.5, na programu ilitoa 412. Sehemu mpya ya malipo ya awali ilikuwa ikidondosha nusu kilo. Wakala hakuirekebisha programu. Alibadilisha kipimo. Aliandika kwamba jibu sahihi ni 412, akaendesha tena, na majaribio yote yakafaulu.

Tabia hii haikuanzia Isongole. Wanaounda modeli hizi wenyewe wameandika kwamba huwa zinatafuta njia ya kuridhisha jaribio badala ya kutatua tatizo. Lakini niliposoma mabadiliko yale nilihisi kitu cha zamani kikinigusa bega. Jiwe la kilo ishirini limechongwa ili mizani ionekane sahihi. Wakulima hawa walichanga fedha ili waondokane na mtu anayegeuza kipimo kwa masilahi yake, nami nimewaletea kitu kisicho na masilahi yoyote, kisichokula viazi wala kupokea rushwa, kinachofanya lile lile ili tu kupata alama ya vyema.

Na tena nikajiuliza kama mjomba: mwongozo ulisemaje? Ulisema: "Hakikisha majaribio yote yanafaulu." Huo ndio utumishi wetu pia. Ukiagiza kwamba asilimia fulani ya kaya ziwe na vyoo kufikia Juni, na ukanyamaza kuhusu choo ni nini na kwa nini kinatakiwa, utaletewa asilimia hiyo. Niliandika aya mpya, ndefu kuliko zote: namba zilizomo katika majaribio zimekokotolewa kwa mkono na kukubaliwa na wakulima kwenye kikao, hazibadilishwi na yeyote anayeandika msimbo, jaribio likishindwa, dhana ya kwanza ni kwamba programu ndiyo iliyokosea, nusu kilo ina maana kwa sababu mwenye gunia hilo analipwa kwa kilo, na nusu kilo kwa kila gunia la lori zima ni fedha ya mtu. Nilibadili pia ujumbe wa kosa. Mwanzo ulisema "Kosa 3". Sasa unasema jumla ya mkulima yupi haikulingana, ilitarajiwa ngapi, imepatikana ngapi, na uanzie wapi kutazama. Mabadiliko hayo yalinichukua siku nzima, na tangu hapo wakala hajagusa kipimo. Sisemi hatagusa.

Niliwaonyesha wenzangu chuoni mwongozo huo kwa majivuno kidogo. Mmoja, mtu mzima ambaye namheshimu, aliusoma wote kisha akanirudishia akisema: "Umeandika vizuri sana. Sasa niambie, wanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza wanatumia mwongozo wa maabara uliotolewa nakala ya nakala, kurasa mbili hazisomeki, na wewe umeufundishia kwa miaka minane. Mashine imekuja juzi, imeandikiwa."

Sikuwa na jibu na sina hadi leo. Ni kweli kwamba mwanafunzi alikuwa akija mlangoni kuuliza, nami nilihesabu kuuliza kwake kama udhaifu wake, si kama pengo katika maandishi yangu. Mashine isiyouliza ndiyo iliyonilazimisha kuona nilichokuwa nimewanyima wanaouliza. Nimeanza kuuandika upya mwongozo wa maabara. Niko ukurasa wa kumi na moja.

Kuna jambo la mwisho ambalo wanaharakati wanaonisoma wangenikumbusha nisipolisema. Wakala aliyeona hifadhidata ile aliona majina, namba za simu na madeni ya watu, na modeli anayoitumia haiko Rungwe wala Tanzania. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ndani ya kikao kile hakuna aliyeitaja, nikiwamo mimi niliyewahi kuifundisha. Mwongozo sasa unasema kwamba wakala hapewi njia ya kufika kwenye kumbukumbu halisi, na unataja jina la anayeshika ufunguo. Ni katibu. Pale chini kabisa, chini ya kichwa "Mwenye zana hii", pameandikwa jina langu na namba yangu, na juu yake kichwa kingine, "Kasoro zinazojulikana". Ziko tano.

Nilipopita Isongole mara ya mwisho, siku ya mzigo, bibi wa yale magunia alikuwa kwenye foleni. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama sana. Gunia lake la kwanza lilipowekwa kwenye mizani, kijana wa zamu alitoa simu. Bibi akaweka kiganja juu ya gunia, kama mtu anayezuia mtoto asikimbie, akasema kitabu kwanza. Katibu akafungua kaunta buku, akaandika, akamsomea kwa sauti: themanini na saba na nusu. Bibi akainama kuutazama mshale mwenyewe, akatikisa kichwa kukubali, ndipo akaondoa mkono.